Kumbukumbu ya Mume, Baba na Babu: Namna Familia Inavyoweza Kuitunza

Mzee anapofariki na kuacha mjane, watoto na wajukuu, kila kundi hubaki na mtu wake. Mjane humkumbuka kijana aliyekuja na wazee wake kuposa, na mume aliyevumilia naye miaka ya mvua chache. Watoto humkumbuka baba wa ada za shule, wa kazi za shambani, na wa maneno makali yaliyokuja kueleweka baadaye. Wajukuu humkumbuka babu, ambaye Wairaqw wa Mbulu humwita aako, aliyekaa karibu na moto akiwa na nafasi ya kuwasikiliza kuliko mtu mwingine yeyote nyumbani. Kumbukumbu kamili ni ile inayowakutanisha wote hao. Ikiachiwa kundi moja hupungua, na ikikosa mwenyewe hupotea ndani ya kizazi kimoja.

Katika Endagikot na vijiji vingine vya nyanda za juu za Mbulu, kazi hii ina mahitaji yake. Wazee wengi walizaliwa bila cheti, hawakuandika barua nyingi, walizungumza Kiiraqw au Kidatoga zaidi ya Kiswahili, na mali yao ilikuwa ardhi pamoja na mifugo iliyotawanyika kwa ndugu na marafiki. Habari za mtu wa namna hiyo hazimo kabatini. Zimo vinywani mwa watu, na watu hao nao ni wazee. Kwa hiyo kinachohitaji vinywa ndicho kinachofanywa kwanza. Kinachohitaji saruji kinaweza kusubiri.

Wasifu wa marehemu

Wasifu husomwa kwa dakika chache kanisani au kaburini, na mara nyingi huandikwa usiku wa kuamkia mazishi na kijana mwenye mwandiko mzuri, ambaye pengine hakumjua marehemu sana. Ndiyo maana hujaa maneno yanayomfaa kila mtu: alikuwa mcheshi, mkarimu, mpenda watu. Kinga yake ni kumkabidhi mtu mmoja kazi hiyo tangu siku ya kwanza ya msiba. Huyo akae kwanza na mjane, kisha na ndugu wa marehemu mwenye umri mkubwa kuliko wote walio hai, kisha na rafiki wa rika lake, na mwishoni na jirani asiye wa ukoo.

Kipimo cha wasifu mzuri ni chepesi. Sentensi inayoweza kusomwa kwenye mazishi ya mtu mwingine bila kubadilishwa kitu haijasema lolote. Ifutwe, au itafutiwe tukio. Badala ya kuandika kwamba marehemu alikuwa mchapakazi na mwema kwa majirani, iandikwe kwamba alitoa samadi zizini kwa karai na kuifikisha shambani kabla ya chai ya asubuhi. Kwamba mipini ya majembe ya nyumba za jirani aliichonga yeye bila malipo, na jambo pekee lililomkasirisha ni kukuta jembe alilolitia mpini limeachwa nje likinyeshewa. Waombolezaji wakisikia hivyo hutikisa vichwa, kwa kuwa wamemwona.

Mpangilio uliozoeleka unatosha: kuzaliwa, wazazi, ukoo wa baba na ukoo wa mama, elimu na kazi, ndoa, watoto, nafasi alizoshika kijijini, kanisani au kwenye chama cha ushirika, ugonjwa kwa kifupi, na idadi ya aliowaacha. Panapozaa ugomvi ni kwenye majina. Marehemu aliyekuwa na wake zaidi ya mmoja atajwe na wake zake wote, na orodha ya watoto ipitishwe katika kila nyumba kabla ya kusomwa. Kama kuna mtoto wa nje aliyemtambua, kikao cha familia kiamue mapema namna ya kumtaja, kwani jina lililorukwa mbele ya kaburi huzaa chuki inayodumu miaka mingi. Chanzo cha kifo nacho kisomwe kwa ridhaa ya mjane tu.

Ukweli usiogopwe. Mzee aliyekuwa mkali hapati heshima kwa kugeuzwa malaika siku ya kuzikwa. Wanaousikiliza wasifu ni mke aliyeishi naye na watoto waliomjua. Inawezekana kusema kwamba hakuvumilia uvivu na kwamba watoto wake walimwogopa, kisha kusema ni nani kati yao aliyesomeshwa kwa ng'ombe aliowauza. Hata kushindwa kuna nafasi yake. John Stephen Akhwari, mwanariadha wa Mbulu, hakupata medali katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico City mwaka 1968. Alifika wa mwisho kati ya waliomaliza, mguu ukiwa umejeruhiwa na kufungwa bendeji, na hicho ndicho kinachokumbukwa hadi leo. Mzee aliyepoteza mifugo yote kwa ukame na kuanza upya na mbuzi wawili ana habari ya kusimuliwa kuliko orodha ya vyeo.

Kuutafuta mwaka wa kuzaliwa

Mzee asiye na cheti cha kuzaliwa hana sababu ya kuzikwa na tarehe ya kubuni. Mwaka wake unaweza kukaribiwa kwa matukio ambayo yeye mwenyewe, ndugu zake au wenzake wa rika waliyasimulia. Swali la kuuliza ni alikuwa anafanya nini wakati huo: alikuwa mgongoni, anachunga ndama, ameshaoa, au ana mtoto wa kwanza.

Matukio ya nchi nzima yanajulikana: Vita Kuu ya Pili ya mwaka 1939 hadi 1945, uhuru wa Tanganyika wa Desemba 1961, Azimio la Arusha la 1967, kuhamishiwa vijijini katikati ya miaka ya 1970, Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, mvua za El Niño za 1997 na 1998. Mbulu ina yake pia. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom ilianza kutoa huduma mwaka 1955. Katika uchaguzi wa 1960, jimbo la Mbulu ndilo pekee ambamo mgombea rasmi wa chama cha TANU alishindwa: Herman Sarwatt alimshinda Chifu Amri Dodo, na habari hiyo ilizungumzwa sana na waliokuwa watu wazima wakati huo. Mwaka 2002 Mkoa wa Manyara ulizaliwa kutoka Mkoa wa Arusha, na kwa wajukuu wakubwa hiyo ni alama ya kutosha.

Baada ya matukio, yafuate maandishi. Vitabu vya ubatizo na ndoa hutunzwa parokiani na kwenye sharika, na mara nyingi huonyesha umri wa kukadiriwa pamoja na jina la msimamizi wa ubatizo. Kadi ya chama, kadi ya kupigia kura, kadi ya kliniki na risiti za kodi za zamani husaidia kuoanisha. Vyanzo vikitofautiana, msalabani iandikwe “yapata” mbele ya mwaka. Neno hilo ni la kweli, na ukweli ni heshima.

Sauti na lugha

Picha huonyesha uso, lakini kinachosahaulika mapema zaidi ni sauti na namna mtu alivyosema. Simu ya kawaida inatosha kurekodi. Iwekwe mezani karibu na msemaji, mbali na upepo na mifugo, na mrekodi aanze kwa kutaja tarehe, mahali na majina ya waliopo. Nusu saa kwa kikao kimoja inamtosha mzee. Wazee wawili wa rika moja wakiketi pamoja hukumbushana na kusahihishana, na ubishi wao wenyewe ni sehemu ya historia.

Maswali mapana kama “alikuwa mtu wa namna gani?” huleta majibu mapana. Yanayofungua kinywa ni maswali ya vitu: shamba lake la kwanza lilikuwa wapi na aligawiwa na nani, ng'ombe wa mahari walitoka kwa nani, ni nani aliyemfundisha kazi, alisafiri mbali kiasi gani na alirudi na nini. Swali la kuhama ni la lazima. Wairaqw walikaa kwa vizazi vingi katika milima ya Irqwa Da'aw, upande wa Kainam na Murray, na tangu enzi za ukoloni wakasambaa kuelekea Karatu, Dongobesh, Haydom na Hanang. Karibu kila familia ina babu aliyeondoka mahali fulani kwa sababu fulani, na sababu hiyo ikishasahaulika hakuna ofisi inayoweza kuirudisha.

Msemaji aachwe azungumze lugha yake. Kumlazimisha mjane mzee asimulie ndoa yake kwa Kiswahili ni kumnyang'anya nusu ya maneno. Tafsiri ifanywe baadaye na mjukuu anayezijua lugha zote mbili, na maandishi ya Kiiraqw yakae juu ya yale ya Kiswahili. Slufay, yaani maombi ya baraka ambayo mzee huyaongoza na wenzake huyaitikia, yarekodiwe mazima kama yanavyosemwa, pamoja na waitikiaji. Kazi hii ina mfano. Paul Berger, Mjerumani, aliandika masimulizi ya Wairaqw katika miaka ya 1930, na yakachapishwa mwaka 1998 kwa ushirikiano na Roland Kiessling. W. D. Kamera alichapisha Hadithi za Wairaqw wa Tanzania mwaka 1978. Masimulizi hayo yapo leo kwa sababu kuna aliyeketi na kuyaandika wakati wasimulizi wakiwa hai. Babu wa kila nyumba anastahili kiasi hicho.

Picha na karatasi

Picha za zamani huwa chache: ya kitambulisho, ya harusi ya mtoto, ya kipaimara. Zitolewe kwenye albamu za plastiki yenye gundi, ambayo huzila taratibu, na ziwekwe kwenye bahasha za karatasi ndani ya sanduku lisilopitisha maji. Majina ya waliomo yaandikwe nyuma kwa penseli laini bila kukandamiza, kwa sababu wino wa kalamu hupenya hadi upande wa uso. Kisha kila picha ipigwe kwa simu karibu na dirisha, mchana, bila taa ya simu, ili isiwe na mng'ao.

Nakala zikae sehemu tatu zisizo chini ya paa moja: kwa mfano kwenye simu ya mtoto aliye Arusha, kwenye kadi ya kumbukumbu iliyoko Endagikot, na kwenye barua pepe ya familia ambayo watu wawili wanaijua nywila yake. Haja ya kufanya hivyo ilionekana wazi tarehe 3 Desemba 2023, maporomoko ya tope na mawe kutoka Mlima Hanang yalipoingia Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walifariki, nyumba zilisombwa, na pamoja nazo vikaenda vyeti, hati na picha za watu waliokwisha kuzikwa miaka mingi kabla.

Kaburi

Wadatoga, ambao Wabarabaig wa Hanang ni sehemu yao, wana desturi ya bung'eda. Mzee aliyeheshimika hujengewa juu ya kaburi kilima kirefu cha udongo, kazi inayofanywa na ukoo na majirani kwa muda wa miezi kadhaa, ikifuatana na pombe ya asali na kuhitimishwa kwa mkutano mkubwa. Si kila mtu hufanyiwa hivyo. Jamii hukubaliana kwanza kwamba maisha ya mzee huyo yalistahili. Ndani ya desturi hiyo mna funzo kwa familia yoyote: kujenga kaburi ni kazi ya wengi, na haina haraka.

Hata kwa saruji na marumaru, haraka huharibu. Udongo uliofukuliwa huendelea kushuka kwa miezi mingi, na kaburi lililojengewa majuma machache baada ya mazishi hupasuka mvua za masika zikinyesha. Ni vema kuweka msalaba au alama ya muda, kuacha msimu mmoja wa masika upite, na kujenga wakati wa kiangazi, kati ya Juni na Oktoba. Maandishi yawe machache na yahakikiwe na watu wawili kabla ya fundi kuyachonga: majina yote, miaka, na ukoo.

Kwa kuwa wengi huzikwa kwenye shamba la nyumbani, hatari kubwa ya kaburi ni mabadiliko ya umiliki. Mashamba ya ngano ya shirika la NAFCO yaliyofunguliwa Hanang kwa msaada wa Canada, takriban ekari 100,000, yaliingia katika ardhi ya Wabarabaig, na miongoni mwa malalamiko yao makubwa lilikuwa kulimwa kwa makaburi ya wazee. Uhamisho mdogo wa ardhi nao unaweza kuleta madhara hayo hayo. Mahali pa kaburi na njia ya kufika hapo viandikwe kwenye muhtasari wa kikao cha ukoo, viwekwe kwenye mchoro wa shamba wakati wa kuomba hati ya hakimiliki ya kimila, na vitajwe katika mkataba wowote wa mauziano.

Mjane, mali na madeni

Familia inayomsifu marehemu madhabahuni huku ikimhangaisha mjane wake nyumbani haijamkumbuka. Zamani Wairaqw walikuwa na metimani, kipindi ambacho nyumba iliyofiwa ilitengwa na jamii. Kutengwa kwa desturi kumepungua, lakini kuna upweke mwingine unaoanza matanga yakishaondolewa na wageni wakarudi makwao. Ratiba ya kumtembelea mjane kwa miezi sita ya mwanzo, ikiwa na jina la mtu kwa kila wiki, ina faida kuliko ahadi ya jumla kwamba wote watakuwa naye. Akikosa usingizi au hamu ya kula kwa wiki nyingi, au akisema hataki kuishi, apelekwe kituo cha afya bila kusubiri.

Sheria iko upande wake. Kifungu cha 68 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinasema kwamba, hata kama mila inasema vingine, mwanamke aliyefiwa na mume yuko huru kuishi anapotaka, kubaki bila kuolewa, au kuolewa na mwanamume amtakaye. Kurithiwa na shemeji hakuwezi kuwa sharti la kubaki nyumbani.

Kifo kiandikishwe ndani ya siku 30 ili kupata cheti cha kifo kutoka Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA), kwani benki, mifuko ya pensheni na mahakama zote hukidai. Kikao cha ukoo hupendekeza msimamizi wa mirathi, na mjane anaweza kupendekezwa; anayemteua ni mahakama. Msimamizi aliyeteuliwa na mahakama ya mwanzo anatakiwa kuwasilisha taarifa ya mali na madeni ndani ya miezi minne.

Orodha ya mali ya mzee wa Mbulu haiishii zizini. Ng'ombe aliowawekesha kwa marafiki, na wale wa marafiki waliokuwa kwake, waandikwe kwa rangi, alama na uzao, mbele ya mashahidi wa pande zote mbili. Wito wa mazishini kwamba mwenye kudai ajitokeze ufuatwe na daftari, na kila deni lililothibitishwa lilipwe kabla ya kugawana chochote. Hesabu za rambirambi zisomwe kwa familia nzima. Jina jema la marehemu hukaa zaidi katika deni lililolipwa kuliko katika sanduku la gharama.

Wajukuu na siku za kumbukumbu

Mtoto aambiwe kwa maneno ya wazi kwamba babu amefariki. Kumwambia kwamba amesafiri au amelala humfanya angoje, au aogope usingizi. Apewe nafasi ya kushiriki kwa kadiri ya umri wake: kubeba ua, kumwagilia mti uliopandwa karibu na kaburi, kusoma sentensi moja katika misa. Aliye na umri wa kwenda shule anaweza kuchora mti wa ukoo, ukiwa na majina ya bibi na koo zao pia, kwani nusu ya ukoo wa babu ilitoka kwa mama zake.

Urithi mwingine ni ujuzi. Mjukuu aliyefundishwa na baba yake namna babu alivyohifadhi mbegu za vitunguu saumu, alivyotibu ndama au alivyochagua mti wa mpini ana kitu cha babu ambacho hakigombaniwi. Vitu vidogo, kama fimbo, redio au Biblia, vigawiwe na mjane mwenyewe, kila kimoja na habari yake.

Mwaka mmoja baada ya mazishi, familia nyingi hufanya misa ya kumbukumbu na chakula. Siku hiyo isigeuzwe msiba wa pili wenye madeni. Ibada, chakula cha kawaida na saa moja ya masimulizi vinatosha, kila kizazi kikipewa zamu: mjane, watoto, wajukuu, kisha marafiki. Mtu mmoja aandike, na daftari hilo lifunguliwe tena mwaka unaofuata. Kwa walio mbali, tangazo la kumbukumbu gazetini au redioni, lenye picha au jina sahihi na miaka iliyohakikiwa, huwafikia waliofanya naye kazi na ambao familia haina namba zao.

Familia ambayo mzee wake bado yu hai ina nafasi ambayo waliofiwa hawanayo. Karibu kila jambo lililoelezwa hapa, kuanzia mwaka wa kuzaliwa, ng'ombe waliowekeshwa, mipaka ya shamba, majina ya koo, hadi nani atajwe katika wasifu, yeye mwenyewe anaweza kulijibu kwa jioni chache. Aulizwe sasa, arekodiwe, na anayoyasema yaandikwe.